Goli la kufutia machozi

Nikiambiwa nichague dakika moja tu ya mpira wa miguu niitazame tena, sitachagua bao la ushindi wala kombe likiinuliwa. Nitachagua dakika ya 54 ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Istanbul, Mei 25, 2005. AC Milan wanaongoza 3–0 dhidi ya Liverpool. Riise wa Liverpool anapiga krosi, nahodha wake Gerrard anaruka katikati ya mabeki, kichwa, wavuni. Kwa hesabu ya kawaida lile ni goli la kufutia machozi tu. Lakini mtazame Gerrard anavyorudi mbio huku akipandisha mikono juu, akiwaamsha mashabiki kama mtu anayepuliza makaa yaliyokaribia kuzimika!

Dakika mbili baadaye Smicer akafunga kwa shuti la mbali. Dakika ya 60 Alonso akapiga penalti, Dida, kipa wa Milan, akaipangua, Alonso akauwahi mpira na kuukwamisha. 3–3. Wengi husimulia zaidi mikwaju ya penalti iliyowapa Liverpool kombe. Mimi hubaki kwenye zile dakika sita.

Husemwa kwamba tunampenda mnyonge kwa kumwonea huruma. Sikubali. Timu iliyofungwa tano bila tunaihurumia pia, na bado tunazima televisheni. Kinachotushika ni pale mwenye nguvu anapoanza kusita: mabeki waliokuwa wakipasiana kwa raha sasa wanabutua ovyo, wanalaumiana, wanatupia macho saa ya uwanjani. Bado wanaongoza, ila hawajiamini tena, na mnyonge ameshaliona hilo.

Kwenye riadha nafasi hiyo huja na kupita upesi zaidi. Olimpiki ya Munich, 1972, fainali ya mita 10,000: Lasse Viren wa Finland alianguka katikati ya mbio, Mohammed Gammoudi wa Tunisia akamkwaa, naye akaenda chini. Viren akainuka, akawafikia wenzake bila kukurupuka, akashinda kwa rekodi ya dunia, 27:38.4. Gammoudi aliinuka pia, akakimbia kidogo, akajitoa.

Kila mtu humsifu Viren, na anastahili. Ila siku chache baadaye Gammoudi, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 tangu 1968, alisimama tena kwenye mstari kutetea taji lake. Akamaliza wa pili, nyuma ya Viren huyohuyo. Medali ile ya fedha haisimuliwi inavyostahili, na jambo hilo huniuma kweli.