Siku ya Theluji na Radio 4

Jumatatu ya tarehe 2 Februari 2009 London iliamkia theluji kubwa kuliko zote zilizoanguka kwa miaka 18. Mabasi yote yaliondolewa barabarani, treni nyingi hazikutoka, na mwenzangu aliyekuwa anipokee zamu saa mbili asubuhi akapiga simu kusema hawezi hata kuufikia mwisho wa mtaa wao. Nilikuwa Croydon, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kiingereza niliyekuwa nikimtunza usiku. Basi zamu ya usiku ikaungana na mchana, mchana ukaungana na usiku mwingine, na siku nzima tukawa watatu: bibi, mimi na redio.

Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha nguvu, kusoma hawezi tena. Redio yake ilikuwa ya zamani, ya mawimbi marefu, mshale umekaa kwenye 198, yalikokuwa yakirushwa matangazo ya BBC Radio 4 kutoka minara ya Droitwich. Radio 4 ni stesheni ya maneno. Muziki humo ni wa kuonjesha tu. Mimi siku zote nilikuwa nikifika yeye yuko kitandani tayari, nikaondoka kabla kipindi cha asubuhi cha Today hakijamalizika, kwa hiyo sikuwahi kuisikia stesheni hiyo ikimaliza siku yake.

Asubuhi ilikuwa theluji tupu: shule zilizofungwa, viwanja vya ndege, watu waliokwama. Saa tatu mazungumzo ya wasomi, Andrew Marr akiwauliza maswali. Saa tatu na dakika arobaini na tano ikaingia ibada, maana mawimbi marefu yalikuwa na ibada yake ya kila siku tangu mwaka 1928, na bibi akaimba kwa sauti nyembamba maneno yote bila kukosea. Saa nne kikaja Woman's Hour, kipindi cha wanawake kilichoanza mwaka 1946. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa dhati. Niliwasikia wanawake wakizungumza kwa sauti ya kawaida, mbele ya taifa zima, mambo ambayo kwetu husemwa na somo, yule mama anayemfunda mwari, chumbani, mlango umefungwa. Nilitaka kutoka kwa haya. Bibi akanishika mkono, akasema niketi, nina mke na nitakuwa na mabinti. Nikaketi, na namshukuru hadi leo.

Saa sita kamili ikapita, na dakika moja baadaye mtangazaji akaanza kusoma kitu ambacho masikio yangu yalikitambua kabla akili haijafika. Pepo. Alitaja mahali, kisha upepo unatoka upande gani, nguvu zake ngapi, hali ya hewa, kisha umbali wa kuona: mzuri, wa wastani, hafifu. Akahamia mahali pengine. Hakuweka neno la ziada, wala hakueleza chochote. Kumbe ni taarifa ya mabaharia, Shipping Forecast, wanayosomewa wote walio kwenye bahari za kuizunguka Uingereza.

Baba yangu ni Mkojani. Anayeijua Pemba ameshaelewa. Watu wa kisiwa cha Kojani ni watu wa bahari, na wanaume huenda dago, wakapiga kambi Mafia, Tanga, hata Kenya, miezi kwa miezi. Baba akiwa dago, mama alikuwa hakosi redio, hasa wakati wa matangazo ya vifo. Sote tulinyamaza, hata mtoto mchanga alitiwa ziwa asilie. Jina likisomwa la mtu wa kijiji kingine tulimwombea, kisha tukapumua. Nilikua nikiijua redio kuwa ni kitu kinachofuata nyuma ya bahari, kuja kusema imemchukua nani. Sasa niko jikoni Croydon, nasikia redio inayotangulia mbele ya bahari.

Nilimweleza bibi. Alifurahi kama mtoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda chombo maisha yake yote, na habari hizo alizisikiliza kila siku, akisema kuna watu wazihitaji na yeye anakaa nao. Akaniagiza kabatini. Palikuwa na ramani iliyokatwa gazetini, ikabandikwa juu ya kadibodi, bahari imegawanywa vipande 31, kila kimoja na jina lake: Viking, Dogger, Humber, Thames, Dover, Lundy, Fastnet, Rockall. Kipande cha Finisterre kilikuwa kimefutwa kwa kalamu, pembeni pameandikwa FitzRoy. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 2002, na katika vyote ndicho pekee chenye jina la mtu.

Bibi alinisimulia habari za FitzRoy kwa saa nzima, na mchezo wa redio uliokuwa ukiendelea tukauacha ujiendee. Ndiye nahodha aliyemchukua mwanasayansi Darwin kwa meli ya Beagle. Mwaka 1854 alipewa ofisi ya hali ya hewa. Mwaka 1859 dhoruba ikaivunja meli ya Royal Charter pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya 400, na FitzRoy akaona kwamba simu za waya zinakimbia kuliko upepo: bandari moja ikipigwa, bandari ya pili inaweza kuambiwa kabla haijafikiwa. Mwaka 1861 maonyo ya dhoruba yakaanza. Hayo ninayaona makubwa kuliko safari ya Beagle.

Saa nane mchana tulikuwa tumesikia marudio ya The Archers, mchezo wa kijiji cha kubuni cha Ambridge, na saa moja usiku ukaja mpya. Umekuwa hewani nchi nzima tangu mwaka 1951, na mwanzo wake wizara ya kilimo ilishiriki ili wakulima wajifunze kuzalisha zaidi baada ya vita. Nikamweleza bibi kuhusu Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulioanza mwaka 1993, na Mkwaju dereva wa lori aliyewafundisha watu wengi habari za UKIMWI kuliko mabango. Akataka kujua Mkwaju aliishia wapi. Alipojua, alihuzunika kweli.

Dakika sita kabla ya saa kumi na mbili jioni pepo zilikuwa zimesomwa tena. Safari hii bibi alifumba macho akataja kila jina kabla ya msomaji, na mimi nikafuata kwa kidole kwenye ramani, kuelekea mkono wa kulia kama mshale wa saa. Mara ikalia Big Ben yenyewe, moja kwa moja kutoka mnarani, na habari zikaanza.

Sikumlaza mapema. Tukangoja hadi saa sita na dakika arobaini na nane usiku, taarifa ya mwisho, ambayo ni ndefu kidogo kwa sababu ndani yake hutajwa pia kipande cha Trafalgar. Baada yake ukapigwa wimbo wa taifa.

Kesho yake nilimpigia baba. Ilikuwa msimu wa kaskazi, wamerudi pwani. Nilimweleza yote, akaniuliza yale majina yanakwendaje. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma karatasi, kuizunguka Pemba kuelekea mkono wa kulia vilevile:

"Kigomasha, kaskazi, nguvu, mawimbi yanavunja. Kiuyu, kaskazi, nguvu. Kojani, kaskazi ya wastani, ngarawa ndogo zingoje adhuhuri. Panza, wastani. Mkoani, shwari. Misali, shwari, pazuri. Fundo, shwari."

Akaniuliza kama amekosea mahali.

"Hapana, baba."

"Basi waambie hao wa kwetu," akasema. "Msomaji yupo, mshahara hataki."