Pikapu kuukuu, matairi makubwa: nilivyopunguza ulaji wa mafuta

Pikapu yangu ilitoka kiwandani na matairi ya inchi 29. Sasa ina ya inchi 33. Tangu yafungwe ikawa inabugia mafuta, na gia ya tano haivuti hata kwenye kimlima kidogo.

Nilianza na odomita, yaani kipimo cha kilomita kwenye dashibodi. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo gari linasoma 100 wakati umekwenda karibu 114. Nililinganisha na GPS ya simu, ikawa hivyo hivyo. Yaani sehemu kubwa ya ule ulaji ilikuwa ya hesabu tu! Pima hili kabla hujamruhusu fundi aguse injini.

Uliobaki ulikuwa wa kweli. Difu ya 4.10 (yaani shafti huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja) kwa matairi haya ilikuwa inafanya kazi kama ya 3.60: injini inalemewa, nawe unazidi kukanyaga mafuta. Nilibadilisha krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, kuwa 4.56, mbele na nyuma, maana zikitofautiana ukiweka foo-wili kwenye lami utavunja kitu. Gia ya tano ikavuta tena. Upepo nao niliongeza kidogo, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Uzito wa matairi bado unakula mafuta, ila tangi sasa linanifikisha mbali zaidi.