Hamam mahshi: njiwa wanne, kikombe kimoja cha firiki

Njiwa wangu wa kwanza walipasuka wote wanne. Nilifunua sufuria nikakuta uji wa ngano, na vifua vilivyochanika vikielea juu yake kama matambara kwenye ndoo. Tulikuwa wanafunzi wanne kutoka pwani, tumepanga ghorofa ya tano huko Madinat Nasr, Cairo, na siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa yangu. Wenzangu walikula kimya. Wanafunzi wakila kimya, ujue hali ni mbaya.

Chakula chenyewe nilikionja kwanza kwa jirani yetu wa ghorofa ya nne, mama mtu mzima tuliyekuwa tukimwita "tant", kama wanavyoitana wao kwa heshima. Hamam mahshi ni njiwa aliyejazwa mchele au firiki. Firiki ni ngano inayovunwa ingali kijani, ikababuliwa kwa moto, ikakaushwa na kupondwa. Ndiyo maana inanukia moshi kwa mbali, kama hindi la kuchoma. Mgeni wa heshima hupikiwa njiwa, na maharusi hupelekewa usiku wa harusi yao, kwa sababu ambayo kila Mmisri atakueleza huku anacheka.

Tant kwao Minufiya, kwenye Delta ya Nile. Huko njiwa hujengewa minara ya udongo yenye matundu mamia, na kinyesi chao kinakwenda shambani kuwa mbolea. Ni mkoa huohuo wenye kijiji cha Dinshawai, ambako mwaka 1906 maofisa wa jeshi la Uingereza walikwenda kuwapiga risasi njiwa wa wanakijiji. Ugomvi ukazuka, ofisa mmoja akafa, na wanakijiji wanne wakanyongwa. Nilipomwambia nimeharibu njiwa wanne kwa mkupuo, alinitazama kama niliyekuwa upande wa wale maofisa.

"Ulijaza kiasi gani, mwanangu?"

"Mpaka pakajaa, tant."

"Na firiki ikivimba iende wapi?"

Wiki iliyofuata alipanda ngazi mwenyewe, akavuta kiti jikoni kwetu, akakaa. Hakushika kitu, kazi yake ilikuwa kunikataza. Kikombe kimoja cha firiki kwa njiwa wanne, basi. Nikaichambua mawe (yapo, usidanganyike na paketi), nikaiosha mpaka maji yakatakata, nikailoweka saa nzima. Kitunguu kikalainika kwenye samli, nikatia maini na firigisi za njiwa wenyewe zilizokatwa vipande vidogo, kisha firiki, chumvi, pilipili manga na mdalasini kidogo. Mkono wangu wa Tanga ukaanza kutafuta bizari nzima na thomu. Akaupiga kofi. Kwa maneno yake, ukitia vyote hivyo, huyo njiwa umemnunulia nini? Nilikasirika kidogo, ila nilipoonja nikaona ana haki: ule moshi wa firiki ungezama wote kwenye bizari. Nikaongeza maji kidogo, nikaipua ikiwa nusu mbichi, ikapoa.

Njiwa wawe makinda, ambao bado hawajaruka. Aliyekwisha kuruka sana kifua chake ni kigumu, utachemsha mpaka gesi iishe. Muuzaji anachinja na kunyonyoa mbele yako. Mwambie asikate ngozi ya shingo, maana hapo ndipo kazi ilipo. Unapitisha kidole shingoni taratibu, unaiachanisha ngozi na kifua bila kuitoboa, halafu unasukuma firiki humo kijiko kimoja au viwili. Kinachobaki kinakwenda tumboni, na lazima pabaki nafasi. Nilipodhani nimeacha nafasi ya kutosha, tant alinitolesha tena kijiko kizima. Chini nikashona kwa uzi mweupe. Juu, kichwa chenyewe kinakunjwa na kusokomezwa shingoni, kinakuwa kizibo. Mwenzetu mmoja alipoona hivyo alitoka jikoni akasema ataila firiki tu.

Maji yalikuwa yameshachemka, yana kitunguu kizima, iliki na majani makavu ya lora (yale Waingereza huyaita bay leaf). Nikawalaza njiwa kifua chini, nikapunguza moto mpaka maji yakawa yanatikisika tu. Mara ya kwanza niliyaacha yatokote kwa nguvu, na hilo pia lilichangia kuwapasua. Dakika arobaini na tano. Kisha nikawatoa, nikawafuta wakakauka, nikawapaka samli, nikawatia kwenye oveni yenye moto mkali mpaka ngozi ikawa ya kahawia na kuanza kulia inapoguswa.

Tant alikuwa ameshashuka kuswali, kwa hiyo nilimpelekea wa kwake kwenye sahani. Alimbonyeza kifua kwa dole gumba. Hakuna kilichotoka. Akamchana kwa mikono, akala paja, akaniuliza:

"Na supu yake?"

Nikapanda ngazi mbio. Yule aliyekimbia kichwa cha njiwa alikuwa ameikamulia ndimu, yuko kwenye kikombe cha pili.