Kalenda ya bure kwenye kompyuta ya kikundi cha mwani: kumbukumbu ya mradi wangu

Katikati ya Januari 2026

Kikundi cha mwani ninachokiwekea hesabu, huku kaskazini mwa Pemba, kina kompyuta moja ya mezani. Ni ya siku nyingi, ina RAM ya GB 4 na Windows 10, lakini kazi inafanya. Ninachotafuta ni kalenda ya kukaa wazi kwenye skrini, mtu akiwasha tu aione, asilazimike kufungua programu wala kubofya popote. Iwe ya bure kikweli, isidai akaunti, iende bila ya intaneti (bando tunanunua kwa kuchangishana), na ikubali tarehe tutakazoziandika wenyewe.

Hilo la mwisho ndilo zito. Kalenda za Miladia zimejaa tele, hata za ukutani tunapewa madukani kila mwaka unapoanza. Marejesho ya mkopo, ada za skuli na sikukuu za serikali, kama Mapinduzi 12 Januari na Siku ya Karume 7 Aprili, vyote vinafuata Miladia. Lakini Ramadhani, Idd na Maulidi vinafuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake ni siku 354 au 355, kwa hiyo vinarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Na shamba la mwani nalo linafuata mwezi huo huo, kwa njia ya maji.

Aliyekulia pwani halihitaji somo hili, ila naliandika kwa ajili ya wanaotengeneza kalenda. Mwezi unapokuwa mchanga na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua, yaani maji ya kujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku za bamvua bahari hupwa sana mnamo saa nne za asubuhi, kisha kila siku wakati huo unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hapo ndipo kina mama wanapoteremka kufunga mbegu na kuvuna. Yakija maji mafu, bahari haipwi vya kutosha na shamba halifikiki. Kalenda isiyoonyesha bamvua, kikundi hiki kitaitazama mara moja na basi.

Siku chache baadaye

Nimeanza na kilichomo. Ukibofya saa ya Windows, kalenda ya mwezi inatokea, ukibofya pengine inaondoka. Haikai.

Wengi wanakumbuka vile vidude vya pembeni vya Windows Vista na Windows 7, vyenye saa na kalenda ndogo ya rangi ya chungwa. Vilikuwa vizuri. Microsoft ilivisimamisha mwaka 2012 kwa sababu za usalama, na ingawa bado kuna watu wanavisambaza, kompyuta yenye hesabu za watu siipi kitu kilichoachwa na wenyewe.

Rainmeter ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inaweza kukuwekea kalenda, saa, hali ya hewa, chochote unachotaka. Tatizo ni kwamba inampa mtu karakana wakati yeye anataka kiti: kila kitu unakichonga mwenyewe kwenye mafaili ya mipangilio. Kijana anayependa mambo hayo atafurahi sana. Mimi nataka programu ambayo siku nisipokuwepo, katibu wetu anaielewa.

Thunderbird ina kalenda nzuri mno ndani yake, lakini ni programu nzima ya barua pepe na lazima uifungue. Nimeiweka akiba.

Iliyobaki ni Rainlendar, toleo la bure liitwalo Lite. Mtengenezaji wake, Kimmo Pekkola, ndiye pia aliyeianzisha Rainmeter, na hapa kafanya kitu kimoja tu. Mwezi unakaa kwenye skrini juu ya picha, chini yake orodha ya matukio. Unabofya siku, unaandika, basi. Toleo la kulipia linaunganisha na kalenda za mtandaoni, jambo ambalo sisi hatuna haja nalo. Kompyuta haikuonyesha kuelemewa hata kidogo. Nimeichagua.

Faili

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana nadhani ndio moyo wa mradi. Rainlendar inaweka matukio katika muundo wa iCalendar, mafaili yenye mkia wa .ics. Muundo huu uliwekwa mwaka 1998, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2009, na programu nyingi za kalenda zinausoma. Ni maandishi matupu. Unaufungua kwa Notepad na kila kitu unakiona. Siku ya Mapinduzi katika faili letu imekaa hivi:

BEGIN:VEVENT
UID:mapinduzi@mwani
DTSTAMP:20260115T090000Z
DTSTART;VALUE=DATE:20260112
RRULE:FREQ=YEARLY
SUMMARY:Siku ya Mapinduzi
END:VEVENT

Mstari wa RRULE ndio unaosema tukio lijirudie kila mwaka. Sikukuu za Miladia ukiziandika mara moja, umemaliza. Za mwezi mwandamo mstari huo hauzifai, kwa sababu ungezigandisha kwenye tarehe ya kizungu. Hizo kila mwaka zinaandikwa upya.

Kwa hiyo nimegawa kazi katika mafaili matatu: sikukuu za serikali, mwezi mwandamo, na bamvua. Tarehe zetu zinakaa nje ya programu. Windows 10 yenyewe iliacha kupewa huduma na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta hii haitaishi milele. Siku tutakayohama, tunabeba mafaili matatu kwenye flashi na hatupotezi hata siku moja ya kalenda. Ningemwambia hivi mtu yeyote anayetafuta kalenda ya bure: kabla hujaangalia uzuri wa programu, angalia tarehe zako zinahifadhiwa kwa muundo gani.

Mwisho wa Januari

Faili la mwezi nimelipeleka kwa ami yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Miezi nimeiandika kama tunavyoihesabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, kisha mfunguo mosi mpaka mfunguo tisa. Akaisoma yote kwa utulivu, alipofika kwenye Idd akanyanyua uso.

"Mwezi haujaandama, wewe ushaandika?"

"Nimeweka alama ya kuuliza, ami. Tazama hapo mwisho wa mstari."

Akatazama, akaridhika. Hesabu inasema mwezi utazaliwa alfajiri ya Alkhamisi 19 Machi, kwa hiyo Idd ya mfunguo mosi inaweza kuwa Ijumaa 20 au Jumamosi 21. Zote mbili zimo, kila moja na alama yake, na Mufti akishatangaza inafutwa moja na alama inaondolewa kwenye iliyobaki. Ramadhani vivyo hivyo, 18 au 19 Februari. Ami ameshikilia kwamba alama isiondolewe na mtu mmoja peke yake, awepo na mwengine wa kushuhudia. Nimekubali, nimeandika sharti hilo kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini.

Wiki ya kwanza ya Februari

Faili la bamvua limekamilika mpaka mwisho wa Machi. Nimechukua siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu (2 Februari mpevu, 17 Februari mchanga, 3 Machi mpevu, 19 Machi mchanga), na kutoka siku ya pili yake nimepaka buluu siku nne nne.

Mwenyekiti wetu, Bi Mkubwa tunavyomwita, alikaa mbele ya skrini akapitisha kidole polepole kwenye buluu, kisha akakisimamisha pale pasipo na rangi.

"Haya hapa ni maji mafu?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Basi mkutano tuuweke hapa, Jumatano tarehe 11. Hapana atakayekuwa pwani. Na posa ya kina Bi Katibu nayo iandike hapo hapo, siku ya pili yake."

Nimeiandika posa. Furaha niliyoipata sikuitarajia: kalenda ya kuonyesha siku za kazi imeanza kuwaonyesha siku za kupumzika na kukutana, jambo ambalo awali walikuwa wakilikisia kichwani na kupishana.

Pia nimejaribu mafaili yote matatu kwenye laptopu ya kijana mmoja yenye Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ndani ya Thunderbird. Yamefunguka bila ya kugusa herufi. Zaidi ya hapo, Thunderbird inakubali wiki ianze Jumamosi, na hivyo ndivyo tulivyoiacha.

Kilichobaki

Saa za kupwa. Kwa sasa buluu inasema siku tu, na nataka kila siku ya bamvua iwe na saa yake kutoka kwenye jedwali la maji. Kompyuta itaandikiwa 10:00 kwenye DTSTART, mstari wa kuanza kwa tukio, lakini maneno ya kusomwa yatasema "kupwa saa nne". Baada ya hapo nachapisha ukurasa mmoja kwa kila mwezi kwa wasiofika ofisini, na nakala ya mafaili napeleka kwa kikundi cha jirani, ambao wao wana kompyuta mbili na hawana kalenda hata moja.