Jinsi nilivyokomesha unyevu kwenye elektroliti ya betri ya aluminiamu

Asubuhi ile nilikuta pakiti mbili za betri zangu zimevimba kama maandazi. Mashine ilionyesha kwamba katika umeme wote niliokuwa nauingiza, asilimia 93 tu ndiyo iliyokuwa inarudi.

Nipo Ujerumani kwa masomo ya uzamili, kwenye maabara ya betri za aluminiamu za kuchaji. Aluminiamu ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote kwenye ganda la dunia, na kila atomu yake hutoa elektroni tatu, ilhali lithiamu hutoa moja. Kinachosumbua ni elektroliti, ule umajimaji unaopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Mwaka 2015 kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha betri ya aluminiamu na grafiti iliyovumilia kuchajiwa zaidi ya mara 7,500, ila elektroliti yake ilitegemea chumvi ya imidazoliamu, ambayo ni ghali. Mwaka 2017 wakaweka urea mahali pake. Urea, mbolea ya kukuzia mahindi! Mimi nimekulia Njombe, nimeimwaga kwa mkono tangu darasa la tatu. Niliomba kazi hiyo nipewe mimi.

Elektroliti hii, kloridi ya aluminiamu na urea, unaichanganyia ndani ya sanduku la glavu lililozibwa na kujaa argoni, gesi isiyo na unyevu, kwa sababu kloridi ya aluminiamu ikikutana na unyevu wa hewa hufuka moshi wa asidi. Unaitia kwenye urea kidogo kidogo. Unga kwa unga vinagusana, vinapata joto, na unaona kabisa vikigeuka kuwa umajimaji. Uwiano wangu ulikuwa moli 1.3 za kloridi kwa moli 1 ya urea (moli ni kipimo cha idadi ya chembe, si cha uzito). Zikiwa sawa kwa sawa, ioni za Al₂Cl₇⁻, ambazo ndizo huipaka aluminiamu upya kwenye anodi (upande hasi wa betri), hupungua mno. Nilibadilisha uwiano huo mara nne nikidhani kosa liko hapo. Karibu mwezi mzima ukapita.

Kosa lilikuwa kwenye chupa ya urea. Siku moja niliiinamisha, punje zikagoma kumiminika. Zilikuwa zimeshikana madonge, kama mbolea ya mama pale mfuko unaposahaulika wazi msimu wa mvua. Zilishavuta maji. Maji hayo yalitengeneza asidi, asidi ikaila aluminiamu na kutoa hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo iliyovimbisha pakiti. Umeme wangu uliokuwa haurudi ulipotelea humo humo.

Nilichukua urea mpya, nikaikausha kwenye tanuri la ombwe, lililonyonywa hewa, kwa nyuzi 60 usiku kucha. Nilipomaliza kuchanganya nikatumbukiza vipande vya karatasi ya aluminiamu nilivyovisugua msasa, ili vimalize asidi iliyobaki, nikapasha moto taratibu huku pampu ikivuta hewa. Vipovu vilianza kupanda kwenye kingo za vipande, vingi, kisha kimoja kimoja, hadi vikakoma. Nilisimama pale muda mrefu nikivitazama. Umajimaji uliokuwa na umanjano ukawa angavu.

Pakiti zilizofuata zilirudisha asilimia 99 na ushee, na zilibaki bapa.

Bado elektroliti hii ni nzito, haitiririki kwa urahisi kama ile ya imidazoliamu, kwa hiyo ukichaji kwa haraka, uwezo wa betri unashuka. Wiki hii nazijaribu kwenye nyuzi 45, ambako umajimaji unalegea.