Inca Trail: nyie ulizieni Machu Picchu, mi nataka kuongelea ngazi

Tangu nirudi kutoka Peru kila mtu ananiuliza kitu kimoja tu, Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, ikoje, na wakiomba picha wanataka ileile ambayo wameshaiona kwenye kalenda za watu. Sawa, picha ninayo, na kweli ni pazuri, sikatai. Ila jamani kilichonikaa mimi kichwani sio pale mwisho, ni njia yenyewe. Watu wanaichukulia Inca Trail kama njia tu ya kukufikisha kwenye magofu, kumbe njia ndo gofu lenyewe, tena refu, unalikanyaga kilomita kama 43 na kulala pembeni yake usiku tatu, mawe yamepangwa kwa mkono miaka zaidi ya mia tano iliyopita na bado yametulia palepale, huku barabara ya mtaani kwetu Mbezi inamwagiwa kifusi kila masika yakiisha.

Niwape picha kidogo kwanza. Wainka walitawala kutokea mji wa Cusco, na himaya yao waliiunganisha na mtandao wa barabara unaoitwa Qhapaq Ñan, unakadiriwa kilomita 30,000 hivi, leo umepita nchi sita, Kolombia huko juu mpaka Chile na Argentina huku chini, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2014. Sasa hawa watu hawakuwa na farasi, hawakuwa na mikokoteni, mizigo ilibebwa na binadamu na wale wanyama wanaoitwa llama. Barabara isiyopitisha gurudumu haina sababu ya kuzungukazunguka mlima, wakikuta mwinuko wanaweka ngazi, ngazi, ngazi, mpaka juu. Na ujumbe wa serikali ulibebwa na vijana wa mbio za kupokezana, wanaitwa chasqui, mmoja anakimbia kipande chake anamkabidhi mwenzake anaendelea. Kwenye ngazi hizohizo. Mi nilikuwa nazipanda nimeshika fimbo mbili nahema kama pampu.

Tulikuwa kundi la watu wa Dar, wengi tunajuana kwenye jogging za Jumamosi asubuhi, zile mnazotukuta tumefunga njia Masaki mkaanza kutupigia honi. Muongozaji wetu alikuwa mwenyeji wa vijiji vya huko milimani, Kiquechua ndo lugha ya kwao, Kihispania anaongea na Kiingereza anaongea, na aliposikia tumetoka Tanzania akapiga kelele "Kilimanjaro!" akaanza kutuangalia kwa heshima yote kama vile tumezaliwa juu ya barafu. Tukawa tunaangaliana. Ikabidi Mama Junior avunje ukimya, akamwambia, "Kaka, usituogope, sisi ni watu wa pwani, Kilimanjaro tunaionea dirishani kwenye ndege." Kuanzia hapo jamaa akawa anatembea taratibu kweli, na ile pole pole aliishika vizuri, kila tukisimama anaisema yeye kabla yetu.

Na hili la mwinuko tusilichukulie poa. Cusco peke yake ipo mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani kabla hujapanda mlima wowote tayari uko juu kuliko sehemu nyingi mlizowahi kufika, na mwili wa mtu wa Dar unashtuka. Kichwa kinagonga, usingizi hauji, ukipanda ngazi za hoteli unasimama katikati kujifanya unasoma meseji. Wenyeji wanakupa chai ya majani ya koka, hotelini ipo bure kwenye chupa muda wote, kule ni kitu cha kawaida kabisa na ni halali, ila majani yenyewe msijaribu kurudi nayo, uwanja wa ndege wa nchi nyingine hakuna atakayesikiliza maelezo yako.

Safari inaanzia kilomita 82 ya reli inayotoka Cusco. Pale kuna geti, unaonyesha pasipoti na jina lifanane na lililoko kwenye kibali, halafu mizigo ya wapagazi inapimwa kwenye mzani, mwisho kilo 20 mwanaume, 15 mwanamke. Mambo ya mzani getini kwa waliopanda Kilimanjaro sio mageni, na kule Peru nako ilibidi sheria itungwe mwanzoni mwa miaka ya 2000 maana kabla ya hapo watu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya punda. Mi hawa jamaa ndo niliwaangalia sana. Wagumu wetu wa Kilimanjaro wanabeba kichwani na shingoni, wale wanafunga mgongoni na kuinama mbele, na nusu yao miguuni wana makatambuga, nakwambia makatambuga kabisa ya tairi kama ya Wamasai, na wanatupita mbio sisi wenye buti za bei mbaya. Ukisikia mtu anaita "porter!" unajibana upande wa mlima, sio upande wa korongo, hiyo ndo sheria ya kwanza tuliyofundishwa. Tukifika kambini tunakuta mahema yameshasimama, maji ya kunawa ya moto yapo, na supu ya kinoa, nafaka ya huko, inatoka. Chakula kilikuwa kizuri mpaka nikaona aibu. Viazi kila mlo, vya njano, vya zambarau, vingine vimekunjamana kama vidole, na ndo nikakumbuka kwamba kiazi asili yake ni milima hiyohiyo ya Andes, yaani bila hao wakulima wa zamani Dar isingekuwa na chipsi mayai. Nikamwambia mpishi. Sijui kama alinielewa ila alicheka akaniongezea.

Siku ya kwanza ni nyepesi, na magofu ya kwanza makubwa unayoyaona ni Patallacta, yametandazwa bondeni chini yako. Muongozaji alituhadithia kwamba Manco Inca, mfalme wa Wainka, mwaka 1536 akiwa anarudi nyuma baada ya kushindwa na Wahispania Cusco, alichoma vijiji vya njia hii ili wasimfuate. Na kweli Wahispania njia hii hawakuijua. Ndo maana mpaka leo ngazi zipo, hakuna aliyekuja kung'oa mawe akajengee kanisa.

Siku ya pili sina cha kusema zaidi ya kwamba ilikuwa mateso. Unapanda mpaka mita 4,215, kwenye pasi, yaani sehemu ya kuvukia mlima katikati ya vilele, inaitwa Warmiwañusca, Mwanamke Aliyekufa, kwa sababu ukiiangalia toka chini ina umbo la mwanamke kalala chali. Unapanda, unasimama, unapanda, juu kuna upepo wa baridi na watu wa mataifa yote wanalia na kukumbatiana, dakika kumi unapiga selfi halafu unaanza kushuka. Kushuka ndo kubaya. Kila mtu anaogopa kupanda ila magoti yanaharibikia kwenye kushuka, maana zile ngazi hazilingani, moja fupi, inayofuata inafika karibu na goti, na zikilowa zinateleza.

Siku ya tatu ndo iliyonifanya niandike hii. Unavuka pasi ya Runkurakay, unaingia Sayacmarca, ambayo unaifikia kwa ngazi nyembamba iliyobanwa kwenye mwamba, na kuanzia hapo unachotembelea kingi ni njia ya asili kabisa. Kuna sehemu mlima uliwakatalia, wakatoboa mwamba ukawa kama handaki, na ndani yake wakachonga ngazi hukohuko. Kuna sehemu pembeni ni korongo tupu, wakajenga ukuta toka chini ili kushikilia njia. Halafu Phuyupatamarca, kwenye mita 3,600 na ushee, kuna mabafu ya mawe yamepangana kwenda chini na maji bado yanatiririka toka moja kwenda lingine. Hakuna fundi bomba. Nikakaa pale nikawaza Jangwani. Mvua ya saa moja tu basi zinasimama na watu wanavua viatu, na hawa bila chuma, bila simenti, walijua maji yatapita wapi kabla hawajaweka jiwe la kwanza. Machu Picchu yenyewe wahandisi waliochunguza wanasema kazi kubwa ipo chini ya ardhi, misingi na mifereji, tunachopiga picha ni juu tu. Kaka mmoja kwenye kundi letu ni mkandarasi, huyo aliacha hata kupiga picha za watu, akawa anapiga picha za mitaro. Tulimcheka, ila sahivi nikiangalia simu yangu na mimi nimejaza mitaro na ngazi.

Usiku wa mwisho ni Wiñay Wayna, matuta ya kilimo yanashuka mlimani mpaka unapata kizunguzungu. Mnaamshwa saa tisa usiku, kwa sababu wapagazi wanatakiwa wavunje kambi wakawahi treni yao ya asubuhi, halafu mnaenda kukaa kwenye foleni ya geti mpaka saa kumi na moja na nusu. Foleni kama ya mwendokasi Kimara. Likifunguliwa watu wanatembea kama wamekatazwa kukimbia, kuna kipande cha mwisho cha ngazi kimesimama unapanda kwa mikono na miguu, halafu Intipunku, Lango la Jua. Sisi tulikuta ukungu mtupu, nusu saa nzima, ukaja ukafunguka kidogokidogo.

Pale chini unakutana na waliokuja na basi, wasafi, wananukia, wanakuangalia wewe ambaye hujaoga vizuri siku kadhaa. Mji ulijengwa kwenye miaka ya 1450 hivi, enzi za mfalme Pachacuti, na mabango yote yanamtaja Hiram Bingham, Mmarekani, kama ndo mgunduzi, Julai 24, 1911. Lakini alipelekwa na mkulima wa pale, Melchor Arteaga, na juu akakuta familia zinalima kwenye matuta hayohayo. Ni yaleyale ya Rebmann, mmisionari Mjerumani, kuuona Kilimanjaro mwaka 1848, Wachaga sijui walikuwa wanaangalia wapi.

Kwa wanaotaka kwenda: huwezi kwenda mwenyewe, lazima upitie wakala mwenye leseni, na kwa siku wanaingia watu 500 tu ikiwemo wapagazi na wapishi, kwa hiyo watalii ni kama 200. Mei mpaka Agosti vibali vinaisha miezi mingi kabla. Februari njia inafungwa, mvua na matengenezo. Ukikosa kibali kuna Salkantay, iko juu zaidi, inapita mita 4,600, haina huo mgao, mandhari kali sana wanasema ila hizi ngazi hutazipata. Kaeni Cusco angalau siku mbili tatu kabla. Fimbo ziwe na mpira chini, za ncha ya chuma haziruhusiwi, zinachimba mawe. Na badilisheni soli, hela ya Peru, za noti ndogondogo mapema, bahasha ya bakshishi ya wapagazi inatolewa usiku wa mwisho kambini, asubuhi mkiamka wao wanakimbilia treni na hamtawaona tena.