Dakika moja bila maneno

Muhula huu nina wanafunzi 32 wa utayarishaji wa video na kamera tatu zinazofanya kazi. Jumatatu ya kwanza niliwaambia tuziache kabatini. Kila mmoja atumie simu yake, au aazime ya mwenzake, aniletee dakika moja: simu isisogee, pasiwe na kukata, na asisikike mtu akitueleza chochote. Wauzaji wakiitana kwa mbali, sawa. Msimulizi, hapana. Muziki pia hapana.

Mikono ilikuwa juu kabla sijamaliza kuandika ubaoni. "Madam, sasa mtazamaji atajuaje?" Swali hilo naulizwa kila mwaka na bado nalipenda, maana ndilo somo lenyewe.

Nimekulia Bombo, mji wa Uganda ulio kaskazini mwa Kampala, katika nyumba ya Wanubi. Ndani tulisema Kinubi na Kiswahili, sokoni Kiganda. Sinema nilizijulia kwenye kibanda cha video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja juu ya meza, na sauti ya VJ. Kwa msomaji asiyeishi Uganda, VJ ni mtu anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda juu ya sauti yake yenyewe. Anatafsiri, anaongeza chumvi, anawapa wahusika majina ya mitaa yetu. Jambazi wa Hong Kong akawa kijana wa Katwe, na sisi tukamwamini moja kwa moja. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, niliitazama moja ya filamu zile kwa sauti yake ya asili na maandishi chini. Mwanamume niliyemchukia utoto wangu wote, kwa sababu VJ alituambia amemsaliti ndugu yake, kumbe hakuwa na undugu na mtu yeyote mle. Picha zilikuwa zilezile. Maneno ndiyo yaliyonipeleka kwingine.

Ma-VJ ni mafundi na nawaheshimu. Ila usiku ule nilielewa jambo ambalo limeongoza ufundishaji wangu tangu hapo: sauti inayoeleza ina nguvu kuliko picha, na mwanafunzi akiipata mapema, hatajifunza kuangalia. Sisi tumelelewa na redio, na kibanda, na mtangazaji wa habari. Mpe mwanafunzi wetu kamera, na kitu cha kwanza anachotafuta ni maneno ya kusema. Picha anazitafuta baadaye, za kujazia. "Kampala, jiji la vilima saba..." halafu barabara, halafu boda boda, halafu machweo. Nimesahihisha machweo mengi mno.

Kwa hiyo nawanyang'anya sauti kwanza, na kuwarudishia mwishoni.

Huwa nawaeleza habari za ndugu wawili Lumière wa Ufaransa. Mwaka 1895 kamera yao ilibeba utepe wa mita 17 hivi, ambao ulikwisha kwa sekunde kama 50. Hakuna sauti, hakuna kuunganisha vipande. Walichoweza kuamua ni pa kusimama na wakati wa kuanza kuzungusha mkono wa kamera. Hayo mawili ndiyo nayataka. Simama wapi? Anza lini? Mtu akiweza kujibu haya kwa sababu zake mwenyewe, mengine yote nitamfundisha bila shida.

Wiki ya kwanza wengi wanasimama mkabala na kituo cha taksi na kuniletea msongamano. Mwaka mmoja binti mmoja alikwenda Wandegeya, mtaa wa Kampala, usiku, akaomba ruhusa kwa kijana anayepika rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, akaiegemeza simu kwenye ndoo ya unga ili iwe sawa na kikaango. Sura hatuzioni. Tunaona mikono tu: mayai yanavunjwa, kabeji inakatwa, chapati inageuzwa, hela inakuja, chenji inarudi. Karibu na sekunde ya 40 unaingia mkono mdogo, wa mtoto, unaweka sarafu mbili. Mkono wa mpishi unazihesabu, unasita, unazirudisha, kisha unakata chapati nusu na kuifunga kwenye karatasi. Basi.

Hakupanga. Alikaa pale saa mbili akarekodi mara 19, na hiyo ilikuwa ya 14. Nilimuuliza kwa nini hakuondoka baada ya tano. Akasema, "Nilikuwa bado sijaona kitu, Madam."

Video ile ilikuwa na kasoro moja ambayo ni vizuri niiseme, kwa sababu inawapata wengi. Taa ya kibanda ilikuwa inapepesa, mistari ya giza ikipanda polepole juu ya picha. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, na simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, kwa hiyo haziendi pamoja na taa. Weka fremu 25, na kama programu yako ya kamera inakuruhusu kugusa kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, weka 1/50 ya sekunde. Mistari inaondoka. Jingine ni uso. Simu ikiona bati linalong'aa au ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi, inalifurahisha bati na kumfanya mtu kivuli. Bonyeza kidole juu ya uso kwenye kioo, ushikilie mpaka mwanga ufungwe hapo, na bati liungue likitaka. Hili nalisema kwa ukali darasani. Sitaki kuona video nyingine ya mama wa Kiganda ambaye macho yake hayaonekani ilhali paa la jirani linaonekana kila msumari.

Na saa sita mchana msirekodi nyuso nje. Hapa kwenye ikweta jua linakuwa utosini na macho yote yanageuka mashimo. Subirini saa kumi na moja jioni, lakini mfike mapema, kwa sababu ule mwanga mzuri haukai. Jua letu huzama wima, ukichelewa kufungua tripodi limekwisha.

Zoezi la pili ni kazi ya mikono katika shoti, yaani vipande vya video, zisizozidi kumi na mbili, dakika moja, bado bila maneno. Hapa ndipo ninapomkumbuka kijana mmoja wa mwaka jana, mwenyeji wa Kasese, upande wa Mpondwe mpakani na Kongo. Kiswahili chake ni cha kule, kina mwendo wake, na darasa zima lilipenda kumsikiliza. Baba yake anachimba chumvi Katwe. Si Katwe ya Kampala. Ni lile ziwa la chumvi lililokaa kwenye shimo la volkano ya kale, ambako watu wamechimba kwa karne nyingi.

Aliniletea dakika nne. Sauti yake nzuri ilitueleza umri wa ziwa, biashara, shida za wachimbaji, kila kitu. Picha zote zilichukuliwa kutoka juu ukingoni. Nikamuuliza, "Baba yako yuko wapi hapa?" Akasogea kwenye kioo, akaweka kidole. "Huyu hapa chini, Madam. Huyu mdogo." Alikuwa nukta.

Nilimwambia arudi. Dakika moja, baba yake, asiseme neno. Nauli ya basi mpaka Kasese si mchezo kwa mwanafunzi, kwa hiyo tulikubaliana angoje likizo ya Pasaka.

Alirudi na shoti 11. Ya kwanza ni miguu, kuanzia gotini kwenda chini, ngozi imepasuka na kukauka nyeupe. Ya pili ni maji tu, na tunasikia mtaimbo ukigonga kitu kigumu chini, ko, ko, kabla hatujauona. Kisha mikono inaibua bamba la chumvi la kijivu, zito, maji yanachuruzika. Bamba linawekwa. Mtaimbo unarudi. Nilihesabu: sura ya mzee hatukuiona mpaka sekunde ya 49. Hapo anajinyoosha, anashika kiuno, anatazama moja kwa moja kwenye simu kwa sekunde tatu hivi. Anavyotazama, unajua anayeishika simu ni mwanawe. Hakuna msimulizi ambaye angeweza kunieleza hilo.

Nataka niseme pia alivyoipata ile "ko, ko", kwa sababu kazi ya sauti wanafunzi huidharau. Siku ya kwanza aliifunga simu kwenye mfuko wa plastiki kuikinga na maji ya chumvi, na sauti ikatoka kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Siku ya pili akaazima simu ya dada yake, akaivisha soksi kuzuia upepo, akakaa karibu na mtaimbo akarekodi sauti tupu bila kujali picha. Akarekodi na nusu dakika ya ziwa likiwa kimya, upepo tu, ya kutandika chini ya vipande vyote wakati wa kuhariri ili masikio yasishtuke kila shoti inapobadilika. Aliunganisha kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, kwenye simu ileile.

Zoezi la tatu ni fupi, la darasani. Mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alichukua uso uleule wa mwigizaji usio na hisia akauunganisha kwa zamu na picha za vitu mbalimbali: bakuli la supu, jeneza, mwanamke. Watu wakaona njaa, huzuni na hamu kwenye uso ambao haukubadilika. Sisi tunatumia uso wa mwanafunzi mmoja, na vitu vyetu: sahani ya posho (ugali) na maharage, taksi inayoondoka, kitanda kitupu. Saa moja inatosha, na baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena mtazamaji atajuaje.

Kuhusu ruhusa, sina msamaha. Unaomba kabla, kwa mdomo wako, kwa lugha ya mtu, na unamwonyesha ulichorekodi. Mtoto, unamuomba mzazi. Mkono ule mdogo wa Wandegeya tuliuonyesha darasani baada ya binti kurudi, kumtafuta mama wa mtoto, na kukubaliwa. Kambi za jeshi na vituo vya polisi hamvielekezei simu hata kama machweo yanazama juu yake. Mimi nimekulia karibu na kambi, najua ninachosema.

Jambo moja zaidi la kazi, nalo linaniuma mpaka leo. Filamu yangu ya kumalizia masomo ilikuwa ya dakika 25. Tulikuwa watu saba, miezi minne, waigizaji, mvua ya kutengeneza kwa mpira wa maji. Yote ilikuwa kwenye diski moja, na diski ikafa wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Sina hata fremu moja ya kumwonyesha mama yangu. Kwa hiyo jioni hiyohiyo uliyorekodi, nakili sehemu mbili tofauti, na faili uzipe majina yanayoeleweka. Na ndiyo sababu nyingine ninayotetea dakika moja mbele ya wenzangu wanaotaka wanafunzi watengeneze filamu ndefu mwaka wa kwanza. Dakika moja inamalizika. Kijana akikosea, wiki ijayo anafanya nyingine. Kwa muhula mmoja atamaliza kazi sita. Sisi saba hatukumaliza hata moja.

Wiki ya sita ndipo ninarudisha sauti. Maneno 30, si zaidi, kwa lugha yoyote, na yaseme kitu ambacho picha haikiwezi. Wengi wanachagua Kiingereza au Kiganda. Kijana wa Kasese hakutumia sauti yake kabisa. Alimpa baba yake, na mzee akasema kwa Kiswahili, ambacho ndicho anachouzia chumvi kwa watu wa Kongo. Inasikika kwenye ile shoti ya mwisho anapotazama simu:

"Haya maji ndiyo yamekulipia shule. Leo umekuja kuyapiga picha."

Darasa lilinyamaza. Wengi wao wamelelewa na wazee ambao Kiswahili kwao ni lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na hilo halikufutika mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Siku ile walikisikia kikitoka kwa baba ya mtu. Binti mmoja wa Masaka aliomba tuirudie. Tukairudia mara tatu.

Mimi mwenyewe nina deni. Bibi yangu Bombo anasuka tabaga, zile kawa zetu za kufunikia chakula, rangi juu ya rangi, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Kila likizo nasema nitamrekodi. Wiki iliyopita nilimpigia kumwomba ruhusa, nikamweleza masharti niliyowapa wanafunzi: dakika moja, mikono, kimya.

"Dakika moja?" akasema. "Mwanangu, ukingo peke yake nausuka siku tatu. Utachagua ipi?"

Nakwenda Jumamosi. Nimemwambia nitakaa siku zote tatu.